Mvua Fiche ya Kimali

Bango lilikuja na kosa. Lilisomeka: IDARA YA FIZIKIA, SIKU YA MAFANIKIO YA WANAFUNZI NA WAHADHILI. Mchapaji wa pale stendi ya Bariadi ni Msukuma mwenzetu, herufi R humshinda. Dokta Ndaki, mkuu wa idara, alisema lisirudishwe kwa sababu muda umekwisha na maana inaeleweka. Nikalitundika. Mimi ndiye mtundika vitu wa idara.

Naitwa Felisita, ila chuoni wananiita Mama Salu. Ni fundi sanifu wa maabara, mwaka wa tisa sasa. Kazi yangu ni kupima. Kufikiri kuna wenyewe, wana ofisi zenye feni. Maneno haya sikuyatunga. Niliambiwa na Dokta Ndaki mbele ya wanafunzi, siku nilipomuuliza swali kuhusu mvua ya Kimali. Alisema, "Mama Salu, wewe pima, kufikiri tuachie sisi." Wanafunzi wakacheka. Mimi nikapima.

Na mvua hiyo ya Kimali ndiyo iliyotukusanya ukumbini Ijumaa ile ya mwisho ya mwezi wa tano.

Ilianza hivi. Kabula ni mwanafunzi wetu wa mwaka wa tatu, mzaliwa wa Kimali, huko Meatu. Hata jina lake ni la mvua, maana kwetu mtoto akizaliwa inanyesha ndiye Kabula. Alipokuwa mwaka wa kwanza alimfuata Dokta Ndaki akamwambia anataka kupima mvua ya kwao, kwa sababu kule watu wanapanda pamba kwa kubahatisha. Dokta akakubali. Wakaenda, wakafukia chupa ya plastiki ya lita mbili kwenye ua wa bibi yake, Bibi Nyanjige, wakaweka faneli pana juu yake. Kila Ijumaa alfajiri Bibi Nyanjige anaitoa chupa, anaifunga kifuniko, anampa mtu wa bodaboda aifikishe kwa konda wa basi pale Mwanhuzi, na saa kumi jioni mimi naipokea Bariadi. Chupa zilikuwa mbili. Moja ikiwa kwangu, nyingine iko ardhini Kimali. Jumatatu narudisha ile niliyokwisha kuipima.

Maagizo alipewa na Dokta Ndaki mwenyewe, nami nilikuwepo. Alimwambia kwa sauti ya juu, kama wasomi wengi wanavyomsemesha mtu asiyejua kusoma: "Bibi, usimwage hata tone moja!" Bibi akasema hatamwaga. Na kweli hakumwaga.

Masika yalikwenda vizuri. Likaja kiangazi. Wiki ya kwanza ya mwezi wa sita nikategemea chupa tupu. Mwezi wa sita kwetu pamba inachumwa na vumbi linatembea barabarani kama mwenye nyumba. Chupa ikaja na maji, mililita mia na hamsini. Wiki iliyofuata, mia na arobaini na nane. Iliyofuata, mia na hamsini na moja. Wiki ya nne nikauliza lile swali langu, nikajibiwa nilivyojibiwa. Basi nikawa naandika pembeni ya daftari, kwa penseli: "Sawa tena." Wiki arobaini na moja za viangazi viwili, "sawa tena" arobaini na moja. Daftari lipo, anayebisha aje.

Dokta Ndaki aliyapima maji yale upitishaji wake wa umeme akakuta yana chumvi. Akafurahi sana. Akasema upepo wa alfajiri unabeba umande wenye chumvi kutoka Ziwa Eyasi na kuudondosha Meatu kabla watu hawajaamka, kiasi kilekile kila wiki, na ardhi inaunywa mara moja, ndiyo maana hakuna aliyewahi kuuona. Akaupa jina: mvua fiche. Akaandika makala, jina lake la kwanza, la Kabula la pili. Jarida likaichapisha. Jina langu halikuwemo, wala sikulitegemea, ingawa nilitazama mara mbili.

Kwa makala hiyo Dokta alipandishwa kuwa mhadhiri mwandamizi. Na kwa makala hiyohiyo, Profesa Generoza wa Dodoma, mama anayeheshimika kwenye mambo ya anga, alikubali kuwa mgeni rasmi wetu. Alikuja na bahasha ya kaki mkobani. Ndani yake mlikuwa na nafasi ya Kabula ya kusoma shahada ya uzamili, kila kitu kimelipiwa. Wote tulijua. Kabula alijua zaidi. Kwao hakuna aliyewahi kupita kidato cha nne, na asipoipata ile bahasha anarudi Kimali kuchuma pamba, digrii yake ikiwa ukutani karibu na kalenda.

Bibi Nyanjige alifika saa nne asubuhi, amelala Mwanhuzi kwa ndugu ili awahi, na chupa ya wiki hiyo ameileta mwenyewe. Mwanamke mfupi, kitenge kipya, viatu vya kufunga vya mtu mwingine. Nilikuwa sijaonana naye tangu ile siku ya kufukia chupa. Tulijuana kwa chupa tu.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia.

"Mwangaluka. Wewe ndiye Mama Salu wa majani ya chai?"

Nikacheka. Ni kweli. Mimi ni mtu wa Nassa, nimelelewa na mama ambaye ungemrudishia jirani bakuli tupu angekuamsha usingizini akakuuliza umezaliwa na nani. Chombo cha watu hakirudi kitupu. Unaweka hata chumvi, hata ndimu mbili. Basi kila Jumatatu nilipoituma ile chupa Kimali, niliifunga pamoja na kapakiti ka majani ya chai, au kiberiti, au sabuni ya kipande. Sikumwambia mtu. Halikuwa jambo la kuambia mtu. Ingekuwa kama kuripoti kwamba nimesalimia.

"Wabeja sana," Bibi akasema. "Chai yako imetusaidia. Chupa zenu ndizo zilinisumbua."

"Zilikusumbuaje, Bibi?"

Nilikuwa nampitisha mbele ya meza ya maonyesho. Nilikuwa nimepanga juu yake vichupa vidogo vya kioo, sampuli ya kila wiki, kila kimoja na tarehe yake. Akavitazama.

"Masika hazina shida, Mungu mwenyewe anajaza. Kiangazi sasa! Unaifukua, ni kavu. Na juzi yake tu imekuja na majani ya chai. Nimpelekee nini mtoto wa watu? Michembe ya viazi haiingii kwenye mdomo wa chupa, nilijaribu. Karanga zinaingia, ila Kabula alisema ni chupa ya maji, si chupa ya karanga. Basi nikaweka maji. Kifuniko kimoja cha chupa ya chai, kila Ijumaa. Si mengi, lakini angalau haikwenda tupu."

Nikakitazama kichupa cha kwanza cha mwezi wa sita.

"Maji ya wapi, Bibi?"

"Ya mchangani. Tunachimba mtoni. Yana chumvi kidogo, mnisamehe."

Nikamkalisha kiti cha mbele, nikampa soda, nikaenda stoo. Huko nikasimama nikiangalia ukuta. Nilikuwa na furaha na hofu kwa pamoja, nitakwambia ukweli. Furaha kwa sababu ya "kufikiri tuachie sisi". Umande wa Eyasi! Kifuniko cha chupa ya chai! Nilitamani kumwita Dokta Ndaki pale pale nimsomee "sawa tena" zangu zote, moja moja, taratibu. Hofu kwa sababu ya Kabula. Na chini ya hivyo vyote kulikuwa na jambo la tatu: majani ya chai yalikuwa yangu. Nisingeyatuma, Bibi angerudisha chupa kavu bila kujisikia vibaya. Mvua fiche ilianzia mkononi mwangu.

Nikamwita Kabula. Alikuja amevaa gauni la kijani na mkanda wa kuazima. Nikamweleza yote. Akakaa juu ya boksi la kiyoyozi.

"Kila wiki, Mama Salu?"

"Kila wiki ya kiangazi."

"Lakini nilikuwa nampigia! Likizo zote mbili nilikuwa mafunzoni, Mwanza na Dodoma, nikawa nampigia. Nilimuuliza, 'Bibi, chupa ilikuwa na maji?' Akaniambia ilikuwa nayo."

"Si ilikuwa nayo?"

Ilikuwa nayo. Yule mama hakudanganya hata neno moja kwa miaka miwili.

"Nikisema," akaanza, "namtia aibu bibi yangu mbele ya umati. Amekuja na viatu vya mama mdogo. Nisiposema, naondoka na bahasha ya uongo."

Nilimshauri anyamaze. Naliweka wazi kwa sababu ni kweli na sijivunii. Nilimwambia, "Pokea kwanza. Mambo mengine mtayaongea ukishafika Dodoma." Nina mtoto wa umri wake, naye yuko nyumbani. Nilitaka mmoja wao aende.

Kabula akainuka kwenye boksi. "Mama Salu, ukishaishika bahasha, ulimi unakuwa mzito."

Tukaenda kwa Dokta Ndaki. Alikuwa ofisini anafunga tai, feni inazunguka. Kabula akamweleza amesimama wima, mikono nyuma. Dokta akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akakaa, akapanga kalamu mbili zilingane.

"Hiyo mvua haiwezi kufutwa," akasema. "Imeshachapishwa."

"Lakini haikunyesha, Dokta."

"Imeshachapishwa, Kabula. Imepitiwa na wataalamu wawili."

"Wataalamu hawakuwa Kimali," nikasema.

Akanigeukia. Nilidhani ataniambia nikapime kitu. Badala yake akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mama Salu, mke wangu ameshawaambia watu wa kanisani." Kisha akavaa koti. "Tutalizungumza baada ya picha ya pamoja. Si kabla." Akatoka.

Sherehe iliyopangwa saa tano ilianza saa sita kasoro, kwa hiyo ilianza mapema. Mshereheshaji alikuwa Marcelo, mhadhiri msaidizi, kijana mwenye sauti nzuri kuliko matokeo yake. Ukumbi ulijaa. Wazazi walitoka Nassa, Lingeka, mpaka Maswa, wamevaa nguo za kanisani. Mbele, juu ya meza, kulikuwa na keki yenye maandishi ya bluu: MVUA FICHE.

Marcelo akasoma mafanikio. Fanikio la kwanza, idara ilipokea darubini kubwa ya kutazamia nyota. Makofi. Lenzi zake ziko njiani. Fanikio la pili, Marcelo mwenyewe alihudhuria semina ya siku tatu Morogoro na kupata cheti cha mahudhurio. Alijisomea kwa unyenyekevu. Fanikio la tatu, wanafunzi wote wa mwaka wa pili walifaulu somo la sumaku, isipokuwa waliofeli. Fanikio la nne, idara ilipata kiyoyozi. Hapo nikamkumbuka Kabula alivyokuwa amekikalia. Fanikio la tano, Dokta Ndaki kuwa mhadhiri mwandamizi. Vigelegele. Dokta akasimama, akainama kidogo, akakaa kama mtu aliyekaa juu ya kitu cha moto.

"Na fanikio la sita, kubwa kuliko yote," Marcelo akanguruma, "mtafiti bora wa mwaka, binti wa Kimali, mgunduzi mwenza wa mvua fiche, Kabulaaa!"

Profesa Generoza akasimama. Mwanamke mwembamba, nywele fupi zenye mvi, miwani iliyofungwa kamba. Akaitoa bahasha mkobani. Kabula akapanda jukwaani. Nilikuwa nimesimama karibu na swichi ya taa, kwa sababu ndiko ninakosimama, na nilikuwa nimeishika kanga yangu kwa mikono miwili.

Profesa akainyoosha bahasha. Kabula hakuipokea. Akapiga goti kidogo kwa heshima, kisha akamwomba Marcelo kipaza sauti.

"Shikamoo Profesa. Kabla sijapokea, naomba bibi yangu aje hapa mbele."

Watu wakapiga makofi. Walidhani ni shukrani. Bibi Nyanjige akapanda, viatu vinamvuka, akasimama karibu na mjukuu wake akatazama watu kwa aibu nzuri.

"Huyu ndiye aliyeshika chupa yetu miaka miwili," Kabula akasema. "Hakukosa Ijumaa hata moja. Kila Jumatatu chupa ilipofika kwake, ilifika na majani ya chai. Yalitoka kwa Mama Salu, yule pale kwenye swichi."

Watu wakageuka kunitazama. Nikatamani kuzima taa.

"Naomba niwaulize wazazi. Jirani akikuletea kitu kwenye chombo, unakirudishaje?"

"Na kitu!" wakaitikia akina mama, ukumbi mzima, bila hata kufikiri.

"Kuna anayerudisha kitupu?"

"Aah-aah! Nani huyo!" Mzee mmoja wa Lingeka akaongeza kwamba huyo hata mbwa wake hamfuati. Watu wakacheka.

"Basi na bibi yangu hakurudisha kitupu," Kabula akasema. "Kiangazi mvua ilipokosekana, alitia maji yake mwenyewe. Maji ya mchangani, ya mtoni. Profesa, Kimali kiangazi hakunyeshi. Mvua fiche haipo. Aliyekuwa ananyesha ni bibi."

Watu wakatafuta nani wa kumwangalia. Wengi wakamwangalia Dokta Ndaki. Yeye alikuwa anaangalia keki.

Bibi Nyanjige hakuelewa mara moja. Kabula akamwambia kwa Kisukuma, polepole, akimshika mkono. Nikamwona uso unabadilika. Akasogea kwenye kipaza sauti, ingawa hakuna aliyemkaribisha.

"Kwani mlitaka tupu?"

"Tulitaka tupu, Bibi," Kabula akasema. "Kama haikunyesha, tulitaka tupu."

"Mngesema."

Miaka miwili, daktari mmoja wa falsafa, wataalamu wa jarida, fundi sanifu mmoja, na hakuna aliyemwambia yule mama kwamba kuna watu duniani wanaofurahi kuletewa chombo kitupu. Tulimkataza kumwaga tu.

Akageuka, akatazama meza ya maonyesho. "Yale maji yako wapi sasa?"

Swali lilikuwa langu. "Yapo, Bibi," nikasema kutoka kwenye swichi. "Yale pale kwenye vichupa."

"Yote?"

"Nilibakiza kidogo kidogo. Mengine nilimwaga baada ya kupima."

Akatikisa kichwa. "Sisi kule mwezi wa tisa tunachota kwa zamu. Ndoo moja, nyumba moja. Nikawa natoa kwenye ile ndoo." Hakusema kwa hasira. Alikuwa anatujulisha tu. Lakini mimi niliyamwaga maji yale kwenye sinki mara arobaini na moja, kisha nikafungua bomba nikaosha silinda, na pale kwenye swichi nililia mbele za watu, mimi Felisita ambaye sikulia hata msibani kwa baba mkwe. Nikaona sina cha kuficha tena.

"Profesa," nikasema kwa sauti, "mimi ndiye niliyetuma chai. Na mimi ndiye niliyepima. Niliona namba zinalingana. Niliuliza mara moja nikajibiwa, sikuuliza tena. Nilinuna. Kununa si kupima."

Profesa Generoza alikuwa bado ameishika bahasha. Akamtazama Kabula juu ya miwani.

"Ulijua lini?"

"Leo, saa nne na nusu."

Profesa akaangalia saa yake. "Masaa mawili na robo," akasema. "Mimi kosa la kwangu lilinichukua miaka mitatu kulisema." Hakueleza la kwake ni lipi. Kisha akairudisha bahasha mkobani, akafunga zipu. Ile zipu niliisikia mpaka mlangoni.

"Nafasi hii ilisimama juu ya makala," akasema. "Makala haipo, kwa hiyo siwezi kuitoa leo. Nitaishikilia mpaka Novemba. Niletee kiangazi kimoja cha kweli. Wiki kwa wiki, chupa zilezile, mahali palepale, mtu yuleyule. Na ikiwa ni tupu, iwe tupu."

"Mtu yuleyule?" Dokta Ndaki akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza.

"Yuleyule. Dokta, umewahi kuwa na msaidizi ambaye hakukosa Ijumaa hata moja kwa miaka miwili?"

Dokta akafikiri, akasema hapana.

Marcelo akaangalia karatasi yake, akaangalia watu, akasoma fanikio la saba, kuhusu rangi mpya ya vyoo. Baadaye tulipiga picha ya pamoja, Dokta alisimama pembeni kabisa. Keki tuliila. Keki haikuwa na kosa. Bibi Nyanjige alipewa kipande chenye FICHE, akakifunga kwenye leso kwa ajili ya wa nyumbani.

Kabla hajapanda basi nilikaa naye stendi, tukapatana. Nilimwambia chupa nitaituma bila kitu. Akasema sawa, ila nisimtazame vibaya moyoni akiirudisha hivyohivyo. Tuliongea kama watu wanaogawana msiba.

Jumatatu niliituma. Chupa tupu, kifuniko, basi. Hata konda aliigeuza geuza akaniuliza, "Mama, leo mmegombana?" Nilirudi nyumbani nikajiona kama nimemtukana mtu mzima. Wiki hiyo sikulala vizuri, na Kabula zaidi yangu, maana alijua kwa bibi yake chombo kitupu ni jambo la kufa nalo. Kifuniko kimoja tu cha huruma, na Novemba imekwenda.

Dokta Ndaki aliandika barua ya kuiondoa makala. Aliiandika mwenyewe, aya mbili. Alinipa niisome kabla hajaituma, akasimama mlangoni kwangu akisubiri. Aya ya pili ilikuwa na jina langu, ikisema fundi sanifu alitilia shaka takwimu mapema na hakusikilizwa. Nilimwonyesha koma moja. Akairekebisha, akaondoka.

Ijumaa, saa kumi, mwezi wa sita, vumbi tupu. Konda akanipa chupa imefungwa kwenye kitambaa. Sikuifungulia stendi. Nilienda nayo maabara, Kabula alikuwa amekaa kwenye stuli, Dokta amesimama dirishani akijifanya anaangalia dirisha. Nikafungua kifuniko. Nikaigeuza juu ya silinda tukasubiri. Nikaitikisa. Kukadondoka chembe tatu za mchanga.

"Sifuri," nikasema.

"Andika," Dokta akasema, taratibu. Nikaandika. Kabula akaweka kichwa mezani akalia, na nikamwacha alie, kwa sababu nilijua ile chupa kavu imemgharimu bibi yake kuliko ndoo nzima ya mwezi wa tisa.

Mlango ukagongwa. Alikuwa konda, anahema, amenifuata kwa miguu kutoka stendi.

"Mama, umeacha mzigo mwingine. Bibi kasema usije ukachanganywa na chupa. Kaniapisha."

Kilikuwa kifurushi cha kanga kuukuu. Ndani, michembe, myeupe, mikavu vizuri. Juu yake karatasi ya daftari la shule, ameandikiwa na mtu kwa kalamu nyekundu: HII SI YA KUPIMA.

Niliiweka kwenye mizani, ni mazoea. Kilo moja na gramu mia mbili. Sikuandika popote.